Dereva wa Basi na Milima ya Ngara

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni, leo twataka kunena habari ya kazi ambayo watu wengi huiona kila siku na wachache huifikiri, yaani kazi ya dereva wa basi katika milima ya Ngara na Biharamulo. Abiria hulipa nauli, hupanda, huuliza tutafika saa ngapi, kisha husinzia. Lakini yuko mtu mmoja ndani ya gari lile asiye na ruhusa ya kusinzia, naye ndiye aliyeshika usukani. Yeye huyaona mambo yasiyoonwa na abiria, na mengi katika hayo humtia uchungu moyoni. Mkikaa naye karibu mtamsikia akinung'unika juu ya wenziwe wanaoendesha vibaya. Leo twataka kueleza uchungu ule ni wa nini, na kupima kama una haki, ama ni maneno ya mtu aliyechoka tu.

Njia yenyewe

Barabara tunayoinena yaanzia mbali. Hutoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hata ikafika Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo. Pale Nyakanazi njia moja huenda Kibondo na Kigoma, na nyingine hupanda kaskazini mpaka Lusahunga. Lusahunga nako pana njia panda: mkono wa kuume ni njia ya mji wa Biharamulo na Bukoba, mkono wa kushoto ni njia ya Ngara na Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kipande hiki cha Lusahunga hadi Rusumo kina urefu wa kilomita 92. Hupita Nyakahura, kikaingia wilaya ya Ngara, kikafika Benaco. Na katika nchi ile hutoka tawi la kwenda mji wa Ngara na Kabanga, mpakani mwa Burundi.

Basi, mtu akiitazama ramani ataona kwamba njia hii si njia ya Wahangaza, Washubi na Wasubi peke yao. Ni mlango wa nchi tatu. Rwanda na Burundi hazina bahari, wala reli haijafika Rusumo. Kwa hiyo saruji, mafuta ya taa, petroli, ngano, nguo na mashine za nchi zile, pamoja na shehena nyingine za mashariki ya Kongo, huletwa na malori kutoka bandari ya Dar es Salaam. Lori liendalo Kigali husafiri karibu kilomita 1,500. Likifika milima yetu limekwisha kutembea zaidi ya kilomita elfu, na dereva wake amekwisha kulala siku kadhaa njiani. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Nchi yenyewe ni nzuri kwa macho na ngumu kwa magurudumu. Upande wa Biharamulo ni msitu mrefu, na sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Upande wa Ngara ni milima yenye majani, mmoja baada ya mwingine, na mabonde katikati. Vilele vya Ngara huinuka hata kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, bali mto Kagera pale Rusumo upo kiasi cha mita 1,300. Kwa hiyo barabara haina budi kupanda na kushuka, kujipinda na kujipindua, kama mtu ashukaye kisimani kwa njia ya mbuzi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni; wakati wa masika mvua huleta tope na mawe katikati ya njia. Zaidi ya hayo, uzito wa malori uliichakaza lami kwa miaka mingi, hata kazi ya kuijenga upya ikaanzishwa katika miaka ya 2020.

Wazee wa kazi hii wanakumbuka hofu ya namna nyingine. Mwezi wa Aprili 1994, watu waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Katika muda wa saa ishirini na nne tu, tarehe 28 na 29, walivuka karibu watu 250,000, na Benaco pakawa kambi kubwa kama mji. Katika miaka iliyofuata silaha zilienea, na majambazi wakayavizia magari msituni, hata mabasi yakawa hayapiti ila kwa kusindikizwa na askari polisi wenye bunduki. Siku zile dereva alimhofu mtu aliyejificha kichakani. Siku hizi amhofu zaidi mwenzake anayekuja mbele yake mchana kweupe, na taa zimewaka.

Upande wa kushoto na upande wa kuume

Kuna jambo moja katika mpaka huu ambalo wanafunzi yawapasa kulielewa vema. Tanzania, Kenya na Uganda zilitawaliwa na Waingereza, na magari yake hufuata upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo zilitawaliwa na Wabelgiji, na magari yake hufuata upande wa kuume. Wakoloni wameondoka, desturi imebaki. Zamani daraja la Rusumo lilikuwa jembamba, gari moja likipita jingine lilingoja. Daraja jipya, lenye nafasi ya magari mawili kupishana, lilijengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2016, pamoja na kituo kimoja cha ukaguzi kwa nchi mbili. Gari likivuka pale, halina budi kubadili upande.

Mtu aweza kusema: kubadili upande ni neno dogo, alama zipo. Ni kweli, na madereva wengi hubadili pasipo shida. Lakini tutazame mahali pa usukani. Gari lililotengenezwa kwa nchi za upande wa kuume lina usukani mkono wa kushoto. Likiingia Tanzania na kufuata upande wa kushoto, dereva wake huketi karibu na ukingo wa njia, mbali na mstari wa katikati. Sasa mbele yake pana lori. Dereva wa usukani wa kuume akitaka kulipita, hujisogeza kidogo tu na kuchungulia. Macho yake yako karibu na mstari. Lakini mwenye usukani wa kushoto hana njia ya kuchungulia. Ili macho yake yaone kinachokuja, sharti kwanza atoe karibu gari zima katika upande wa wengine. Yaani huingia hatarini kabla ya kujua kama hatari ipo. Vivyo hivyo dereva wa Tanzania avukaye kwenda Kigali na usukani wake wa kuume, shida ni ile ile kwa kinyume. Tusiseme basi kwamba wageni ni wabaya na wenyeji ni wema. Tuseme kwamba kila mwenye kiti kibaya cha kuonea yampasa awe na subira maradufu.

Hesabu ya kusimama

Tuje sasa kwenye kiini cha jambo. Dereva wa basi husema, "Watu hawa hawajui kwamba gari halisimami pale unapotaka, bali husimama pale linapoweza." Maneno haya ni hesabu kamili, na twaweza kuipiga hapa.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akiona ng'ombe njiani, macho hupeleka habari kwa akili, akili huamuru mguu, mguu huhama kutoka penye mafuta kwenda penye breki. Kwa mtu mwenye afya, asiyelewa, asiyeshika simu, kazi hiyo huchukua kama sekunde moja na nusu. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33, na breki bado haijaguswa! Ndipo breki hushika, na basi zito lililojaa, katika lami kavu iliyo tambarare, huhitaji mita nyingine 50 hivi. Jumla ni mita 80 na zaidi; karibu urefu wa kiwanja cha mpira.

Sasa tupunguze mwendo nusu, uwe kilomita 40 kwa saa. Watu wengi watadhani masafa nayo yatapungua nusu. Sivyo. Mita za kufikiri hupungua nusu, zikawa 17. Lakini mita za breki hupungua kuwa robo, zikawa 12 au 13. Jumla ni mita 30 tu. Sababu ni kwamba nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne, ukizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huyataka magari yaende kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na magari mazito yasizidi kilomita 80 popote. Na mita zile zote ni za njia kavu na tambarare. Ongeza mvua, ongeza mteremko, ongeza tairi lililochakaa, nazo zitakua.

Breki na moto

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni habari ya mteremko. Kila mtoto aliyepanda baiskeli na kushuka mtoni amepata kugusa ukingo wa gurudumu baada ya kufunga breki, akaona una moto. Breki haiuui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Na lori lenye tela, likiwa limejaa, laweza kuwa na tani 56, ambazo ndizo mwisho wa uzito unaoruhusiwa kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Tani 56 zikishuka mlima kwa breki peke yake, joto lake huwa kubwa mno. Breki hupata moto, hutoa moshi na harufu, kisha huteleza na kukataa kushika. Dereva hukanyaga, wala pasiwe na jibu. Watu wakisikia baadaye husema, "Breki zilikatika." Aghalabu hazikukatika, zilichoshwa.

Dawa yake ni ya kale, na kila mwalimu wa udereva huifundisha: ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari, na breki huguswa mara chache tu, ikapata nafasi ya kupoa. Na gia hiyo huingizwa juu kileleni kabla ya kuanza kushuka, kwa maana katikati ya mteremko gari likishapata kasi, gia ndogo hukataa kuingia.

Lakini wako madereva wafanyao kinyume. Wakifika kileleni huitoa gari katika gia kabisa, likaporomoka lenyewe, ili waokoe mafuta kidogo wakayauze. Lita mbili tatu za dizeli hupimwa mizani moja na roho za watu. Katika breki za upepo, nazo ndizo za malori na mabasi, liko na neno jingine: dereva akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia pasipo kukoma, upepo ulio katika mitungi hupungua upesi kuliko unavyojazwa. Basi mtu huyo ameachana na injini, amezipasha breki moto, na upepo wake unakwisha. Yeye yuko nyuma ya basi lenye abiria hamsini. Je, dereva wa basi akitazama kioo chake na kumwona, asinung'unike?

Kupita gari mlimani

Neno la tatu, nalo ndilo liletalo uchungu mwingi kuliko yote, ni habari ya kulipita gari jingine. Tupige hesabu tena. Lori lenye tela laenda kilomita 60 kwa saa, na motokaa ndogo yataka kulipita kwa kilomita 80. Tofauti yao ni kilomita 20, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Motokaa haina budi kuanza mita kama 20 nyuma ya lori, kuumaliza urefu wa lori uliozidi mita 18, kisha kutangulia mita 20 nyingine ndipo irudi upande wake. Pamoja na urefu wake yenyewe ni mita 60 na zaidi, nazo huchukua sekunde 11 au 12. Katika sekunde hizo motokaa imekwenda mita 250 upande usio wake. Na gari lijalo mbele, nalo likienda kilomita 80, limekuja mita 250. Basi ampitaye mwenziwe namna hiyo yampasa aione njia iliyo wazi mita 500, nusu ya kilomita. Ni kona ipi ya Ngara ionyeshayo nusu kilomita? Ni kilele kipi?

Kwa sababu hiyo wachora barabara huweka mstari mweupe usiokatika penye kona na vilele. Mstari ule si pambo. Ni mtu aliyepima njia kwa vyombo, akakuambia, "Mimi nimepima; huoni vya kutosha hapa."

Tulipata kusafiri siku moja kutoka Ngara kwenda Kahama, tukaketi kiti cha mbele. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Katika mpando mrefu tuliwakuta malori mawili yakipanda polepole, na mzee yule akakaa nyuma yao, akaacha nafasi pana mbele yake. Mara motokaa ndogo ikatupita penye kona, ikakuta lori linashuka, ikajitupa katika nafasi ile iliyoachwa. Mzee alifunga breki, watu wakasukumwa mbele, mtoto akalia. Wako vijana waliopiga kelele nyuma, "Kanyaga, mzee, nasi tumpite!" Hakuwajibu. Baada ya kitambo akatuambia, "Mwalimu, umeiona nafasi ile? Mimi naiacha kwa ajili ya roho za watu hawa. Yeye aona nimemwekea yeye." Tukamwuliza, "Nawe hukasiriki, mzee?" Akasema, "Nakasirika sana. Lakini hasira nikiiruhusu kushuka mguuni, itakanyaga mafuta."

Katika maneno hayo machache mna elimu kubwa. Nafasi anayoiacha dereva mwema huchukuliwa na dereva mbaya. Akiiacha tena, huchukuliwa tena. Mwema huchelewa, na mbaya hutangulia. Na abiria, waliokuwa wakiombea safari salama walipoondoka nyumbani, humcheka mwema. Tena basi la safari ndefu limefungwa chombo kitoacho habari ya mwendo wake kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo huitwa LATRA, akizidisha, hujulikana. Motokaa za watu binafsi hazina chombo kile. Ndiyo maana dereva wa basi hujiona kama mtu aliyefungwa kamba mguu mmoja akaambiwa ashindane na wasiofungwa. Jibu letu ni kwamba hakuitwa kushindana. Lakini uchungu wake twauelewa.

Matawi ya miti njiani

Mtu asafiriye huku ataona mara nyingi matawi mabichi yamelazwa juu ya lami, moja, jingine, na jingine. Hiyo ni lugha ya barabara: mbele pana gari limeharibika. Sheria huagiza pembetatu nyekundu zing'aazo, lakini ambaye hana hutumia majani, nayo ni heri kuliko kunyamaza. Kosa huja baadaye. Lori likishatengenezwa, utingo hukusanya vyombo vyake, wakaondoka, na mawe waliyozuilia magurudumu wakayaacha pale pale katikati ya njia. Usiku ukiingia, jiwe lililolizuia lori lisirudi nyuma huwa mtego wa mwenye pikipiki. Kuliondoa jiwe ni kazi ya nusu dakika.

Iko na lugha ya taa. Dereva wa lori linalopanda huwasha taa ya pembeni kumwashiria aliye nyuma, ama kwamba apite, ama kwamba angoje. Desturi hii ina wema ndani yake, lakini ina hatari, maana taa ile ile ndiyo ya kuonyesha kwamba gari lataka kugeuka. Na dereva aliyezoea nchi ya upande wa kuume aweza kuielewa kinyume. Madereva wenye busara huishukuru ishara, kisha hutazama kwa macho yao wenyewe.

Sisi wengine wa barabarani

Tusiwalaumu madereva peke yao. Barabara hii hupita kati ya vijiji vyetu, nasi tumeifanya kuwa uwanja. Twaanika muhogo pembeni mwake. Twaswaga ng'ombe wenye pembe ndefu juu yake, na mchungaji mmoja huwa nyuma ya kundi zima, hali aliye mbele ni fahali asiyejua sheria. Vijana hupanda bodaboda usiku bila taa, watu watatu juu ya kiti kimoja. Wenye baiskeli za ndizi hushika tela la lori ili livute wapandapo mlima, na lori likiyumba hawana pa kuponea. Watoto watokao shule hutembea wanne bega kwa bega, na migongo yao imeelekea magari. Yafaa mtoto afuate upande ambao magari yanamjia usoni, ayaone. Na safari za jioni avae au ashike kitu cheupe. Hayo si mambo ya gharama.

Kwa nini wanaendesha vibaya?

Mwalimu asiyeuliza sababu ya kosa hawezi kulitibu. Tukiwasikiliza madereva, twapata sababu nne. Ya kwanza ni uchovu: aliyetoka bandarini siku tatu zilizopita, akasimama mizani baada ya mizani, akalala chini ya tela lake, hufika milimani macho mazito. Ya pili ni malipo: anayelipwa kwa idadi ya safari huhesabu kila saa kuwa fedha, na bwana wake humpigia simu, "Umefika wapi?" Ya tatu ni ugeni: aliyezoea nyanda za Singida na Nzega huushuka mlima wa Ngara kama tambarare. Ya nne ni kiburi, nacho hakina maelezo. Mabasi yenyewe hayatoki katika lawama. Kwa karibu miaka thelathini yalikatazwa kusafiri usiku kucha, na katazo lile likaondolewa mwaka 2023. Hivyo na dereva wa basi sasa hukutana na adui aitwaye usingizi, asiyeonekana kiooni.

"Ajali haina kinga"

Ajali ikitokea, watu husimama pembeni wakasema, "Ajali haina kinga." Methali hii ina mahali pake: hutufariji msibani, na hutuzuia tusimsute mfiwa. Lakini tukiitumia kabla ya ajali, huwa ruhusa ya uzembe. Tulikwisha kupiga hesabu hapa: mita 80 za kusimama, mita 500 za kupita, gia moja ya kushukia. Kila moja katika hizo ni kinga. Kufumba macho penye kona na kusema "Mungu atatulinda" ni kumwachia Mungu kazi aliyotupa sisi.

Tukumbuke mambo mawili. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi dogo lililochukua wanafunzi waendao kufanya mtihani lilitumbukia korongoni katika mteremko, wakafa watoto 32 pamoja na watu wazima watatu. Na tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na waliokufa walizidi mia moja. Malori ya petroli hupita Nyakahura na Benaco kila siku. Siku moja likipinduka karibu na kijiji chako, kumbuka kwamba mvuke wa petroli huenea chini kwa chini usionekane, na cheche ya pikipiki au njiti ya kiberiti yatosha. Wapelekeni watoto mbali, upande upepo utokako, na mzuie magari mengine yasikaribie.

Basi, uchungu wa dereva wa basi una haki. Hauna haki ya kugeuka kuwa kisasi, kwa maana akilipiza atalipiza kwa roho zisizo zake. Lakini una haki ya kusikilizwa, na wa kumsikiliza kwanza ni sisi tuketio nyuma yake. Akiwa mwangalifu, tusimhimize. Tukifika tumechelewa nusu saa, tumwambie asante mbele ya wenziwe. Akiwa mzembe, tusinyamaze kwa haya. Aneni mmoja kwa upole, na wa pili amwunge mkono, maana sauti ya mtu mmoja huitwa woga, na sauti ya basi zima huitwa agizo. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai." Katika milima ya Ngara maneno hayo hupimwa kwa mita.

Maswali ya kuzungumza darasani au barazani

1. Gari likizidisha mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kwa nini masafa ya breki hayazidi mara mbili tu?
2. Eleza kwa nini dereva mwenye usukani wa kushoto hupata shida ya kulipita lori katika Tanzania, na mwenye usukani wa kuume hupata shida hiyo hiyo katika Rwanda.
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yafanywayo barabarani ambayo yaweza kukomeshwa bila fedha?
4. Ikiwa abiria wote wanamhimiza dereva akimbize gari, nawe peke yako hutaki, utasema maneno gani, na utaanza kumwambia nani?